Ovaroli Moja Pungufu

Ilisemekana kwamba mwaka huo, ndani ya ghuba ya Kvænangen, kaskazini kabisa ya dunia, kulikuwa na nyangumi mmoja mwenye mkia uliochanika, na kwamba nyangumi huyo alikuwa hapendi maboti ya mpira. Si kwamba aliyaogopa. Aliyachukia, kama mtu anavyomchukia shemeji anayekuja bila taarifa. Anazama, anangoja, kisha anaibuka chini ya boti na kulipindua kama chapati kikaangoni. Aliyeleta habari hizo alikuwa mama wa kaunta ya samaki dukani, aliyeambiwa na mumewe, aliyeambiwa na mtu wa Burfjord, ambaye boti lenyewe hakuliona ila alimjua mtu aliyeliona gari lililolibeba. Ushahidi gani tena mnataka?

Oddny Mikkelborg alizipokea habari hizo siku ya Jumatatu, kashika pakiti ya maziwa mkononi, na hazikumtoka tena. Alilala nazo, akaamka nazo. Alisoma shule ya msingi tu, kisha akaingia kiwandani kukata minofu ya samaki kwa miaka thelathini na minane; lakini hesabu hii hakuhitaji kalamu. Binti yake Tiril alikuwa mwongozaji wa wageni kwenye boti la mpira. Nyangumi, boti la mpira, mtoto wake wa pekee. Jumlisha mwenyewe.

Jioni hiyo Tiril alipokuja kula, hata kijiko hakijafika mdomoni, mama mtu alikwisha anza.

"Acha hiyo kazi."

"Shikamoo na wewe, mama."

"Kuna nyangumi anapindua maboti."

"Nyangumi hana habari na sisi. Anakula heringi wake, akishiba anaondoka."

"Na huyo mwenye mkia uliochanika?"

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani? Wale wa kaunta ya samaki? Si ndio hao walisema mchungaji kaoa Mrusi?"

"Alikuwa Mrusi."

"Alikuwa Mfini, mama. Tena alikuja kutengeneza bomba."

Oddny alimwongezea chakula, lakini huko hakukuwa kukubali. Kulikuwa kupanga.

Lazima isemwe, na Mungu anisamehe, kwamba mji wetu mdogo wa Skjervøy wakati wa Novemba si mahali pa mtu mwenye akili timamu kwenda kutalii. Jua lenyewe, ambalo limeona mengi, hufunga virago na halirudi mpaka Januari. Kwenye saa nne asubuhi mbingu hupata rangi ya buluu kama maji ya kufulia nguo, na ikifika saa nane mchana giza limekwisha rudi kudai kiti chake. Huo ndio wakati heringi huingia ghubani kwa mamilioni. Nyuma ya heringi huja nyangumi, nyuma ya nyangumi huja meli za uvuvi, na nyuma ya wote, wakitapika kwa furaha, huja wageni. Wanatoka nchi zenye joto na maembe, wanalipa, wanavalishwa ovaroli nene nyekundu za kuelea, wanapangwa juu ya boti la mpira kama chupa kwenye kreti. Wenyeji huwatazama kutoka madirishani na kuwacheka. Kuwacheka wageni ni starehe kubwa ya majira ya baridi, na haina madhara, isipokuwa pale mwenyeji anapoanza kuamini kwamba baridi nayo humtambua mgeni kwa sura.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, Oddny alikuwa gatini. Alivaa sweta la sufu alilolifuma mwenyewe, koti la kwendea kanisani, na kikapu chake kilikuwa na themosi ya kahawa na lefse, chapati zetu nyembamba, zilizopakwa siagi na sukari. Silaha kamili za kupigana na nyangumi.

Hallgeir, mwenye boti na nahodha wake, alikuwa akifunga tangi la mafuta. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na ndevu za mtu wa sitini, na hakuwahi kushindwa na jambo lolote, ukimwuliza atakwambia.

"Leo naenda nanyi," alisema Oddny.

"Kwenda wapi, mama?"

"Kutazama nyangumi. Si ndiyo biashara yako?"

Tiril alitoka kwenye kontena la nguo, kavaa ovaroli yake nyekundu mpaka shingoni. Alipomwona mama yake alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jino likigonga.

"Mama. Umeishi hapa miaka hamsini na sita. Nyangumi unawaona dirishani ukiosha vyombo."

"Dirishani hawaonekani vizuri."

"Tumejaa. Wageni kumi, mimi na Hallgeir. Watu kumi na wawili, na sheria ni kumi na wawili."

"Kumi na wawili wa kwenye karatasi," alisema Hallgeir, naye akacheka, maana wageni walikuwa wakisikiliza na alipenda kusikilizwa. "Mama yako si abiria. Mtu wa hapa si abiria. Panda, mama, ukae mbele."

Basi mtu wa hapa si abiria. Neno zuri, linapendeza mdomoni. Tatizo lake ni kwamba kontenani mlikuwa na ovaroli kumi na mbili, na ovaroli hazikujua nani ni wa hapa.

"Siihitaji hiyo," alisema Oddny. "Mimi si Mhispania. Nina sufu."

"Huendi na koti la kanisani," Tiril alisema.

"Nimekwambia nina sufu."

"Na mimi nimekwambia huendi."

Wageni kumi walikuwa wamesimama wanangoja, wakipuliza vidole. Tiril alishusha zipu, akatoka ndani ya ovaroli yake mguu mmoja mmoja, akamnyoshea mama yake. Yeye akabaki na sweta, suruali ya mvua, na kile kizibao chembamba cha kuokolea kinachojijaza upepo chenyewe kikiguswa na maji. Oddny alifungua mdomo akatae. Lakini kubishana na mwanao mbele ya watu baki ni aibu, na watu wa kwetu kule wangekubali kung'olewa meno kuliko kuonekana wakibishana. Akaufunga mdomo. Akaivaa. Ndani mlikuwa bado na joto la mwanawe.

Hallgeir naye alikuwa na yake, ndiyo. Alikuwa ameivaa mpaka kiunoni, mikono ameifunga tumboni kama mkanda. Ovaroli iliyofungwa zipu mpaka kidevuni, aliamini, ilikuwa vazi la Wajerumani.

Wakaondoka.

Saa nzima Oddny hakutazama mlima, wala anga, wala kisiwa alichozaliwa. Alitazama maji yaliyo chini ya boti. Kila wimbi jeusi lilikuwa na mkia uliochanika. Mara mbili alimshika Hallgeir goti akapiga ukelele, na mara mbili ikawa ni gunia la plastiki na bata. Mgeni mmoja, mrefu, mwenye simu aliyoifunga kwenye mti wa kujipigia picha, alimpiga picha yeye badala ya bata.

"Mama, utanifukuzisha kazi," Tiril alinong'ona, akicheka. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Oddny aliiona. Akasema moyoni kwamba atammiminia kahawa wakifika, kisha akarudi kuchunguza maji.

Waliwakuta nyangumi pale walipotarajiwa kuwa: kando ya meli ya uvuvi iliyokuwa ikivuta wavu. Nyangumi si wajinga. Wameujua mlio wa winchi ya wavu kama watoto wa shule wanavyoijua kengele ya chakula. Winchi ikianza kulia, wanakuja kutoka pande zote za ghuba: wale weusi wenye madoa meupe, mapezi yao yamesimama kama milingoti, na wale wakubwa wenye nundu wanaopumua kama tairi la lori linalotolewa upepo. Heringi wanaochomoka wavuni ndio sahani yao. Kwa hiyo mwenye boti la wageni hana haja ya kutafuta. Anatafuta meli, na anajua kwamba sheria inamtaka akae mbali na wavu. Hallgeir aliijua sheria hiyo kwa moyo. Ila upande wa pili wa meli palikuwa na boti jingine, la mshindani wake, limesogea karibu zaidi, na wageni wa huko walikuwa wanapiga mayowe ya raha.

"Hallgeir," alisema Tiril, "maboya yale pale."

"Nimeyaona."

"Kamba yake imelegea. Inakuja upande wetu."

"Nimesema nimeyaona, Tiril. Nilikuwa naingia maji haya wewe hujaota jino."

Aliyaona kweli. Alikuwa akiyaona bado wakati kamba ya maboya ilipoingia kwenye pangaboi, na injini ikakohoa mara moja na kufa.

Hapo pakawa kimya, isipokuwa winchi ya meli iliyoendelea kulia, na kamba ikawa inavutwa polepole. Hallgeir alibofya kuwasha. Akabofya tena. Akawaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayetangaza chakula cha mchana, kwamba hakuna shida.

Tiril alichukua kisu, akaenda nyuma, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa mpira, kichwa na mikono vikining'inia majini. "Imekaza," alisema. "Nipeni dakika moja."

Sasa, nyangumi alikuja. Hakuwa na mkia uliochanika. Hakupindua chochote. Alitokea hatua kumi nyuma ya boti, akapumua, mvuke wake ukanuka samaki aliyeoza, akaupinda mgongo wake mrefu na kwenda zake kula. Hakuwa na habari nao kabisa. Waliokuwa na habari walikuwa wageni kumi, walioinuka kwa pamoja, wakakimbilia nyuma kwa pamoja, simu juu, na boti likainama upande huohuo kama kitanda kinapokaliwa na shangazi mnene.

Tiril aliteleza kichwa mbele. Hata hakupiga kelele. Kulikuwa na mlio mdogo, kama kikombe kinapozama kwenye ndoo, kisha mlio wa kizibao kikijijaza upepo.

Alipoibuka alikuwa ameshika kamba ya maboya kwa mikono miwili. Alikuwa amefanikiwa kuikata kutoka kwenye pangaboi. Kazi yake aliimaliza. Lakini kamba ile ilikuwa bado inavutwa na meli, na sasa ikawa inaondoka naye. Hatua tano. Hatua kumi. Kuiachia hakuweza kuamua. Vidole vilikuwa vimekwisha jiamulia.

"Mama," alisema, si kwa nguvu.

Oddny alisimama ndani ya ovaroli ya mwanawe, mkavu, wa moto, na salama salimini.

"Hallgeir, washa!" alipiga kelele.

"Nawasha!"

"Washa!"

"Pangaboi limepinda, mama, kaa chini! Nitapiga kasia. Dakika moja tu!"

Kila mtu siku ile alikuwa na dakika moja. Hallgeir alichukua kasia fupi la dharura akaanza kuyachapa maji, na boti, kwa watu kumi na wawili waliokuwa juu yake, likazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mgeni mrefu alikuwa bado ameshika mti wake wa picha. Alikuwa analia, machozi kabisa, na alikuwa anarekodi.

Mbele ya usukani ilining'inia simu ya upepo. Ukiibonyeza, meli ile ingesikia na kusimamisha winchi. Hilo Hallgeir alilijua, Oddny alilijua. Walilijua pia jambo la pili: kule Skjervøy, juu ya dirisha la kila jiko, kuna kipokezi kidogo kinachowashwa kuanzia kahawa ya asubuhi. Wake za wavuvi walianza mtindo huo zamani, wapate kujua waume zao wako hai, na siku hizi wanaendelea nao wapate kujua waume za wenzao wamefanya nini. Neno lolote likisemwa kwenye simu ya upepo linaingia katika majiko mia mbili. Hallgeir kaingia wavuni. Hallgeir, mwenye boti la maringo, kaingia wavuni kama kaa. Jina kama hilo hulivui, utazikwa nalo.

"Ita meli," alisema Oddny.

"Nakaribia kumfikia."

"Hukaribii kitu. Ita!"

"Usinipigie kelele mbele ya wateja!"

Na hapa ndipo jambo lilipo, kwa anayetaka kujifunza. Oddny hakuinyakua simu hapo hapo. Wiki nzima alikuwa ametangaza hatari ya nyangumi dukani, kanisani na kwenye benchi la posta, bila haya. Sasa hatari imekuja yenyewe, ina jina la mwanawe, naye akasimama. Alisimama akayaona majiko mia mbili. Aliwasikia wakisema: *Oddny huyo, alimfuata binti yake kazini akamvua nguo.* Alisimama kwa muda gani, yeye anasema kidogo. Rekodi ya yule mgeni inasema dakika moja na sekunde arobaini. Maji yalikuwa ya nyuzi tano.

Kisha kichwa cha Tiril kikalala upande, juu ya kizibao, kama mtoto aliyechoka kwenye gari.

Oddny aliikamata simu.

"Simamisheni winchi!"

Mkwaruzo. "Nani mwenzangu?"

"Simamisha winchi, farasi wee! Mwanangu yuko kwenye kamba yako! Kwenye maboya, upande wa nyuma, hana ovaroli! Mimi ni Oddny, Oddny Mikkelborg, tuko kwenye boti la Hallgeir, tumeingia wavuni mwako kwa ujinga wetu, simamisha!"

Winchi ikakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mpaka nyangumi walisikika wakipumua. Kwenye meli watu wawili walishuka upesi na boti dogo, wakamfikia, wakaanza kumvuta. Hawakuweza kumtoa kamba mikononi, wakaikata kamba huku na huku, wakamwingiza naye na kipande chake. Walimwinua kwa kreni ileile inayoinua heringi. Oddny alimwona akipanda hewani, anachuruzika, amejikunja, na magamba ya samaki yanang'aa kwenye nywele zake.

Wavuvi wanajua kazi yao. Walimvua, wakamweka kitandani kati ya wanaume wawili wenye joto, wakamfunika, wakaita helikopta. Alipofumbua macho, wa kwanza kumwona alikuwa mama yake, aliyehamishiwa melini na kupiga magoti sakafuni ndani ya ovaroli nyekundu.

"Mama," alisema, meno yakigongana. "Umemtukana nahodha wa meli, ukamwita farasi?"

"Nimemwita."

"Kwenye redio?"

"Kwenye redio."

Akacheka kidogo, akalala tena.

Alikaa hospitali ya Tromsø siku tisa. Moyo ulirudi sawa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi. Vipo, lakini havisikii chochote, na fundo la kamba hawezi kulifunga bila kulitazama. Oddny alikaa kando ya kitanda akifuma, akifumua, akifuma.

"Sema basi," Tiril alimwambia siku ya sita. "Tangu juzi unameza mate."

"Ningekaa nyumbani, ungekuwa na nguo yako."

Tiril hakusema *hapana mama, si kosa lako.* Si mtoto wa uongo. Alivitazama vidole vyake.

"Niliivua mwenyewe," alisema. "Lakini ulipaswa kukataa."

"Nilipaswa."

"Na Hallgeir alipaswa kuita."

"Alipaswa. Na mimi, kabla ya hapo."

"Niliona, mama. Nilikuwa nakutazama. Nilikuona umesimama."

Oddny akaifumua safu nzima aliyokuwa ameifuma.

Waliporudi Skjervøy, hakuna jiko lililocheka. Hiyo ndiyo kejeli kubwa kuliko zote: yale majiko mia mbili waliyoyaogopa yalikuwa yamezima sufuria na kusimama dirishani mikono mdomoni, yakisali. Vyakula viliachwa mlangoni mpaka theluji ikakosa nafasi. Hallgeir alikuja, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akaondoka, na kesho yake akaongeza ovaroli nane kontenani.

Januari, jua lilipochungulia, Tiril alisema anarudi kazini. Oddny hakumkataza. Uwezo wa kumkataza aliuacha majini. Alichukua karatasi, akakaa mezani mchana kutwa akiandika kwa mwandiko wake ule wa darasa la saba, akaenda peke yake gatini na kuigongomea mlangoni mwa kontena, mahali ambapo kila mtu lazima asimame kabla ya kuvaa.

Usipande boti bila ovaroli, hata kama umezaliwa hapa na babu yako alizaliwa hapa.

Usimvulie mtu yako. Hata mama yako.

Mtu akikuvulia yake, usikubali. Bishana, hata mbele ya wageni.

Usifunge mikono ya ovaroli kiunoni.

Usihesabu watu ukawaruka wenyeji.

Usisogee karibu na wavu unaovutwa kwa sababu mwenzako kasogea.

Usiende upande mmoja na watu wote.

Usirekodi mtu aliye majini.

Usiseme dakika moja.

Usiogope simu ya upepo. Bonyeza, sema jina lako, sema kosa lako.

Usimfuate mtoto wako kazini.